Waliokaa Chini Homa Bay

Edinah Nyatichi alizaliwa Migori mjini, katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la kutengeneza redio. Baada ya kufundishwa kusali, kitu cha pili alichofundishwa na baba yake kilikuwa kuutambua waya wenye umeme kwa rangi yake. Baba yake, Mosoti, alitoka Nyamira, kwa Wakisii, akiwa kijana, akiwa na mfuko wa bisibisi na barua ya mchungaji wa kanisa la Kisabato. Alianza na redio, akaenda kwenye kaseti, na mwishowe akanunua spika mbili kubwa na jenereta, akawa mtu wa kuitwa penye haja ya sauti. Makambi ya kanisa, mikutano ya chama cha wakulima wa tumbaku, mazishi, uzinduzi wa visima, kote alikuwa yeye. Jumamosi hakufanya kazi, na kwa kuwa mazishi mengi huangukia Jumamosi, alikosa mengi. Hakulalamika. Alisema Mungu naye ana siku yake ya kusikilizwa.

Miaka thelathini ya kusimama kando ya spika ilimla masikio. Nyatichi alipomaliza kidato cha nne, mzee alikuwa hasikii tena mluzi wa maiki iliyosogezwa karibu na spika, ule mluzi unaowafanya watu wazibe masikio. Fundi wa sauti asiyesikia ni kama mpishi asiyeonja, kwa hiyo kazi ikahamia kwa binti, bila sherehe. Nyatichi akaziondoa spika kwenye pikapu la kukodi akazifunga juu ya tuktuk yao wenyewe. Nyuma ya kiti cha dereva akatengeneza jukwaa dogo la mbao ambapo mtu angeweza kusimama na kuonekana. Alikuwa msichana wa maneno machache. Kazi yake ilikuwa kuwapa wengine sauti, na maiki aliishika kwa kusema tu, "Halo, moja, mbili," kisha akampa mwenye shughuli.

Juni ya mwaka 2024, wakati nchi nzima ilikuwa ikizungumzia mswada wa fedha, Japheth Ogweno alifika dukani. Japheth alikuwa amesomea ualimu wa shule ya msingi akapata cheti, na kwa miaka minne cheti hicho kilikuwa kimelala ndani ya bahasha huku yeye akibeba abiria kwa bodaboda. Nyatichi alimjua kwa sababu alikuwa akimletea spea kutoka Kisii.

"Nyatichi, tunataka sauti Jumanne," alisema. "Tunaandamana. Lakini si ile ya kuchoma tairi. Barua tumepeleka polisi, wakagonga muhuri. Hatubebi mawe, tunabeba simu na maji ya kunywa."

"Na mkipigwa?"

"Tukipigwa tutakuwa tumepigwa tukiwa na haki. Katiba, kifungu cha thelathini na saba. Nimekisoma mpaka kikaisha utamu."

Mosoti alikuwa ameketi mlangoni akitazama midomo yao. Aliuliza wanasema nini, Nyatichi akamwandikia kwenye daftari. Mzee alisoma akatikisa kichwa. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyodhani. "Sisi tumekaa hapa kwa watu miaka yote hii kwa sababu hatukupiga kelele zetu. Tulipiga za wengine."

"Hata hizi ni za wengine, Baba," Nyatichi akaandika.

Mzee alisoma mara mbili, akanyamaza. Kwake kunyamaza hakukuwa kukubali wala kukataa. Binti akachukulia kuwa ni ruhusa.

Jumanne ile waliandamana vijana wengi kuliko Japheth alivyotegemea. Wengine walitoka vyuoni, wengine walikuwa mama mboga wadogo wenye watoto mgongoni, mafundi seremala, wasichana wa saluni wakiwa bado na vitana nyweleni. Tuktuk ilitangulia polepole kwenye barabara kuu, Japheth juu ya jukwaa akiongoza kwa Kiswahili, Dholuo na Kiingereza. Saa sita mchana, walipokaribia daraja la mto Migori, sauti yake ilikauka kabisa. Alifungua mdomo pakatoka hewa. Na papo hapo, ng'ambo ya daraja, wakaona askari wamejipanga na ngao, bunduki za gesi ya machozi zikiwa zimeelekezwa juu.

Watu wa nyuma walikuwa hawajaona kitu, wakazidi kusukuma. Wa mbele walitaka kurudi. Kijana mmoja aliinama kuokota jiwe. Japheth alimrushia Nyatichi maiki kama mtu anayetupa kaa la moto.

Nyatichi alipanda kwenye jukwaa. Hakuwa na hotuba. Alisema, "Kaeni chini." Halafu akasema tena, kwa utulivu uleule wa moja, mbili. "Kaeni chini hapo mlipo. Wa mbele waanze. Mama mwenye mtoto, keti pembeni. Wewe wa jiwe, kalia hilo jiwe."

Watu walicheka, na waliocheka wakaketi. Lami ilikuwa ya moto, lakini walikaa, safu kwa safu, mpaka barabara nzima ikawa kama kanisa lisilo na viti. Nyatichi akaanzisha wimbo wa makambi, maana hakujua mwingine ambao ungeimbwa na wote, na hata Wakatoliki waliufuata. Mkuu wa askari alikuja kwa miguu, akazungumza na Japheth aliyemjibu kwa ishara na kwa kuandika kwenye simu, na baada ya nusu saa ngao zilisogezwa kando wakapita.

Baada ya siku ile Nyatichi alipata jina. Sokoni wakimwona walimwita, "Kaeni Chini! Habari ya leo?" Wanawake wa ndizi walimwongezea kidole kimoja kwenye chane. Alilipenda jina hilo kuliko alivyokubali kukiri. Kwa mara ya kwanza alikuwa amesema jambo lake mwenyewe kwenye spika za baba yake, na watu wakalitii.

Mwaka ulipita. Juni ya 2025 vijana wa kila mji walikuwa wakijiandaa kuwakumbuka waliouawa katika maandamano ya mwaka uliotangulia. Wale wa Homa Bay walimwomba Japheth awaletee "yule dada wa Migori." Nyatichi aliondoka mapema, akapita Rongo, akapita Rodi Kopany, tuktuk ikilia milimani kwa uzito wa spika, na kufikia saa nne za asubuhi alikuwa kwenye barabara inayoteremka kuelekea ziwani.

Tangu mwanzo mambo hayakuwa kama Migori. Waandalizi walikuwa makundi matatu yasiyosikilizana. Moja lilitaka waende ofisi za kaunti, jingine kituo cha polisi, la tatu halikutaka kwenda popote bali kuwasha mishumaa. Nyatichi hakumjua mtu yeyote pale isipokuwa Japheth, na Japheth naye muda wote alikuwa chini akibishana. Maduka yalikuwa yamefungwa. Ofisi zilikuwa zimefungwa pia, na hilo ndilo lililomleta Dorine.

Dorine alikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa mwanamke anayeanika na kuuza omena, dagaa wadogo wa ziwani, katika kisiwa cha Remba. Alikuwa amekuja mjini kuchukua kitambulisho chake cha kwanza, akakuta mlango una kufuli. Mashua ya kurudi ilikuwa ya kesho. Basi akasimama kuangalia, kisha akatembea pamoja nao, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kufanya na kwa kuwa, kama alivyosema baadaye, alisikia mambo yanayosemwa ni ya kweli. Nyatichi hakumwona siku hiyo. Kwake alikuwa kichwa kimoja kati ya vichwa vingi.

Karibu na soko, askari walifunga barabara kwa mbele. Nyatichi alikuwa juu ya jukwaa, na kwa kuwa alikuwa juu, ni yeye pekee aliyeona pande zote mbili. Kwa mbele aliona ngao. Kwa nyuma, juu kabisa ya mteremko, aliona vumbi na pikipiki nyingi, kila moja na watu watatu, wameshika vitu virefu mikononi. Alidhani ni vijana wengine wanakuja kujiunga, na vile virefu akadhani ni bendera.

Akasema, "Kaeni chini."

Baadhi walikaa. Waliomjua kutokana na video za mwaka jana walikaa kwanza, kisha wanafunzi, kisha wale watulivu ambao katika kila umati huwa wanangoja kuambiwa la maana. Wengine walibaki wima. Akasema mara ya pili. Pikipiki zilikuwa zimekaribia sasa, na akaanza kuona kwamba zile si bendera. Zilikuwa rungu na vyuma. Na bado, mdomo wake ukiwa umeshazoea njia moja, akasema mara ya tatu, "Kaeni chini."

Wale wa pikipiki waliingia kwa nyuma wakipiga yeyote aliye karibu. Mawe yakaanza kuruka, hakuna ajuaye la kwanza lilitoka upande gani. Mbele gesi ikafyatuliwa. Waliosimama wakakimbia, na mbele yao, kwenye lami, walikuwako waliokaa. Mtu aliyekaa hawezi kukimbia mara moja. Kwanza ainuke, na kuinuka kunahitaji nafasi. Nafasi haikuwepo. Nyatichi alipiga kelele, "Ondokeni! Inukeni!" lakini mtu alikuwa ameshaupiga mtambo kwa chuma na spika zilikuwa zimekufa. Sauti yake mwenyewe, bila spika, haikufika hata kwenye gurudumu la mbele.

Japheth alimtoa pale kwa kumvuta mkono. Tuktuk waliikuta jioni, imevunjwa kioo, spika moja imechanwa kwa kisu.

Kesho yake video ilikuwa kila mahali. Mtu fulani alikuwa ameipiga kutoka ghorofani. Picha ilionyesha watu wakikanyagwa, na juu ya picha ilisikika sauti tulivu ya msichana ikisema kaeni chini, kaeni chini. Kuna waliomtetea kwa maandishi. Wengi zaidi walicheka, na wachache waliuliza alitumwa na nani.

Nyatichi aliitazama dukani, simu akiwa ameilaza kwenye meza ya kazi. Mosoti alikuja akasimama nyuma yake. Aliona watu wanakimbia, aliona binti yake juu ya jukwaa, mdomo ukienda.

"Hapo unasema nini?" aliuliza.

Nyatichi alitafuta daftari, halikuwepo mkononi. Mzee aliinamisha sikio la kulia, lile lililobakiza kidogo. Ikabidi binti aseme kwa nguvu, mlango ukiwa wazi na majirani wakiwa kwenye veranda zao.

"Nasema wakae chini!"

"Eeh?"

"Wakae chini, Baba! Nawaambia wakae chini!"

Mosoti aliitazama tena picha mpaka ikaisha na kuanza upya. Hakumgombeza. Alisema, "Na pikipiki ulikuwa umeziona?" Nyatichi akaitikia kwa kichwa. Mzee akaenda kuifunga milango ya duka, ingawa ilikuwa saa nane mchana, akamchemshia chai yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mkewe alipofariki.

Wiki iliyofuata Nyatichi alipanda gari kwenda Homa Bay. Alikuwa amesikia kuna msichana wa visiwani aliyevunjika paja. Alibeba ndizi za kuiva na maziwa, akaulizia wodini mpaka akaonyeshwa kitanda cha pembeni, karibu na dirisha. Dorine alikuwa amelala mguu ukivutwa na kamba yenye uzani, akisubiri kutiwa chuma. Mama yake alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, leso kiunoni, mikono bado na harufu ya dagaa wale wadogo.

"Mama, shikamoo," Nyatichi alisema. "Mimi naitwa Edinah Nyatichi, natoka Migori. Ni mimi..."

"Najua ni wewe," Dorine alisema kutoka kitandani. "Nimekujua ukisalimia nesi pale mlangoni. Hiyo sauti siwezi kuisahau."

Mama Dorine alimtazama mwanawe, kisha mgeni. Alielewa taratibu, na alipoelewa alisimama.

"Mwache akae, Mama," Dorine akasema. Kisha akamgeukia Nyatichi. "Nilikaa kwa sababu ulikuwa umetulia. Wengine wote walikuwa wanapiga kelele. Nikasema huyu anajua kitu."

Nyatichi alishika mfuko wa ndizi kwa mikono miwili.

"Nataka kuuliza moja tu," Dorine akaendelea. "Zile pikipiki, wewe uliziona ukiwa huko juu?"

Angeweza kusema hapana. Video ilimwonyesha kwa mbali, hakuna ambaye angejua macho yake yalielekea wapi.

"Niliziona," alisema. "Kwanza nikadhani ni watu wetu. Halafu nikaona rungu. Na bado nikasema."

"Kwa nini?"

"Sijui. Ilikuwa imefanya kazi Migori."

Dorine aligeuza uso ukutani, kadiri kamba ilivyomruhusu. Mama yake alichukua ndizi, kwa kuwa chakula hakina kosa, akasema kwa upole wa mtu aliyechoka, "Nenda sasa, nyathina, mwanangu. Umekuja, tumekuona. Nenda."

Alienda, na wiki iliyofuata akarudi. Safari hiyo Dorine alibaki amegeukia ukuta. Safari ya tatu alikuwa ameshatiwa chuma na alikuwa na hasira ya kawaida ya mgonjwa anayepona: chakula kibaya, joto, nywele. Alimwambia Nyatichi amsuke. Nyatichi alikuwa hajawahi kusuka mtu. Alikaa saa nzima akifunga mistari iliyopinda kama barabara ya mlimani, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka hadharani, na Dorine alipojitazama kwenye kioo cha simu akasema, "Kweli wewe kaa na waya zako." Mama yake alizifumua akaanza upya. Lakini tangu hapo Nyatichi akiingia, ile ndoo ilisogezwa akapewa yeye.

Katikati ya safari ya kwanza na ya pili ndipo Japheth alipokuja tena dukani. Nyatichi alikuwa akishona karatasi ya spika iliyochanwa, gundi vidoleni.

"Hiyo itakuwa tayari Jumatatu?" Japheth aliuliza. Jumatatu ilikuwa tarehe saba Julai, Saba Saba, kumbukumbu ya maandamano ya zamani ya kudai vyama vingi.

"Kwa nini?"

"Tunatoka. Na safari hii hatukai." Alikuwa amekonda, na macho yalikuwa mekundu. "Nimefikiria sana, Nyatichi. Waliokaa wako wodini. Waliotupa mawe walikimbia wakiwa wazima. Hiyo ni hesabu ndogo, hata darasa la tatu anaiweza. Tulipeleka barua, wakagonga muhuri. Tuliimba. Wakatuletea watu wa rungu. Mimi nimemaliza kuimba."

"Mnaenda kuchoma?"

"Tunaenda kuonekana."

"Japheth, nimekuuliza mnaenda kuchoma?"

Japheth alichukua bisibisi mezani akaizungusha, akairudisha.

"Spika sitoi," Nyatichi alisema.

"Unaogopea ploti ya baba yako, duka lisichomwe. Wewe ni mgeni hapa, siku zote nimejua. Siku mambo yakiharibika nyinyi mnakwenda Nyamira, sisi tunabaki."

"Ndiyo, naogopa. Naogopea ploti, naogopea na watu. Mtu akisema kitu kwa spika zangu, ni kama nimekisema mimi. Nimeshasema moja, na nikienda Homa Bay naiona imefungwa kamba mguuni. Sitoi."

Japheth aliondoka bila kuaga, na kwa mtu wa adabu kama yeye hilo lilikuwa tusi.

Jumatatu ile Nyatichi na baba yake walikaa ndani. Mzee hakusikia chochote. Alijua mambo yalivyo kwa kumtazama binti akishtuka. Kufikia mchana moshi mweusi ulipanda kutoka upande wa mto, ambako ofisi moja ya serikali ilikuwa imewashwa moto. Baadaye waliporwa wenye maduka kadhaa, miongoni mwao Omosa, Mkisii mwenzao aliyeuza viatu vya mitumba milango mitano kutoka kwao. Jioni viatu vilikuwa vimetapakaa mtaroni, vingi vya mguu mmoja mmoja.

Nyatichi alikwenda kumsaidia Omosa kuokota. Walifanya kazi wakilinganisha kushoto na kulia, na ndipo Omosa aliposema jambo ambalo Nyatichi hakulitegemea.

"Yule rafiki yako mwalimu alikuwa hapa. Alisimama mlangoni pangu, mikono ameitandaza hivi, anawaambia si duka, si duka, hatukuja kwa maduka. Nilikuwa ndani, nimemwona kwa tundu. Hakuna aliyemsikia. Walimsukuma kama pazia." Alipangusa kiatu cha mtoto kwa mkono wa shati. "Angekuwa na zile spika zako, labda."

Nyatichi alimtazama kuona kama anamlaumu. Hakuwa anamlaumu. Alikuwa anaeleza tu. Aliendelea kutafuta mwenzake wa kiatu cha bluu mpaka giza lilipoanza kuingia, hakumpata.

Japheth alikamatwa siku ya tatu, nyumbani kwa mama yake, akila. Alikuwa ameonekana kwenye video akiwa mbele ya watu walioelekea ile ofisi. Ya mlango wa Omosa hakuna aliyeipiga. Mahakamani alisomewa mashtaka ya kuchoma mali na kuchochea, akayakana, akapewa dhamana kwa sharti la mdhamini mwenye mali yenye hati. Mama yake hakuwa na hati isipokuwa ile ya marehemu mumewe iliyokuwa ikibishaniwa na ukoo. Siku kumi zilipita Japheth akiwa rumande.

Nyatichi aliutoa mkebe wa biskuti ambamo baba yake aliweka karatasi za nyumba, akachomoa kitabu cha umiliki cha tuktuk. Hakutaka kufanya kwa siri. Alimwekea mzee mezani, akaandika kwenye daftari: "Nataka kumdhamini Japheth kwa hii."

Mosoti aliandika badala ya kusema, ili majirani wasisikie. "Alikutukana."

"Ndiyo."

"Alichoma?"

"Sijui. Alienda na waliochoma. Mlangoni kwa Omosa alizuia."

Mzee alipiga hesabu. Akitoroka huyo, tuktuk imekwenda, na kazi imekwenda nayo. Mwishowe aliandika: "Ulimnyima sauti. Usimnyime na mlango wa kutokea," na akaenda kulala, mchana kweupe, kama afanyavyo akiwa na wasiwasi.

Japheth alitoka mahabusu akiwa amenyolewa kipara. Alimkuta Nyatichi ameketi kwenye benchi la mahakama, akakaa naye, wakaacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Sikuwasha mimi," alisema. "Lakini kama ningekuwa na kiberiti sijui. Nakuambia ukweli. Sijui."

"Mimi nilimwambia Dorine ukweli, akageukia ukuta."

"Na sasa?"

"Ananitukana nywele."

Japheth alicheka kidogo, kisha akafunika uso kwa viganja, na Nyatichi akamwacha. Hawakurudi kuwa kama zamani. Japheth alimletea spea kutoka Kisii kama kawaida, na kila kesi ilipotajwa Nyatichi alihudhuria, kwa kuwa mdhamini hutakiwa kuonekana. Ilitajwa Agosti, ikatajwa Septemba. Novemba shahidi wa serikali hakufika. Omosa aliandikisha taarifa yake kwa wakili wa Japheth, akaapa kusema aliyoyaona kwa tundu lake, si zaidi.

Kwa upande wake, Nyatichi alirekebisha mtambo na akarudi kwenye mazishi ya Ijumaa na mikutano ya kanisa. Wateja wachache walimkwepa, wengi walikuwa wameshasahau. Jina la Kaeni Chini lilikufa lenyewe. Wanawake wa ndizi walirudi kumwita Nyatichi. Siku hizi akifika mahali pa kazi huzunguka kwanza kwa miguu, akahesabu malango na vichochoro, na kabla ya kumpa mchungaji maiki huwaambia watu, kwa sauti ileile, mlango wa nyuma uko wapi. Watu humwona kama mtu mwenye woga mwingi. Haelezi.

Dorine alirejea Remba mwanzoni mwa Desemba. Alikuwa akitembea kwa gongo moja, mguu wa kushoto ukiwa umefupika kidogo kuliko wa kulia, na daktari alikuwa amesema utabaki hivyo. Kitambulisho alikuwa nacho, alikichukua siku ileile alipotoka hospitali, akipanda ngazi za ofisi moja moja huku foleni nzima ikimngoja. Nyatichi alimsindikiza yeye na mama yake hadi Mbita, mahali mashua za injini zinapopakia watu wa visiwani pamoja na unga, soda na magodoro.

Mashua haikufika ufukweni kabisa. Wabebaji wawili walimwinua Dorine mabegani ili asilowe, naye akacheka kwa hofu, akishika kichwa cha mmoja wao.

"Watu wako wakitoka tena," alisema kutoka huko juu, "unipigie simu nijue."

"Na huo mguu?"

"Mguu nao utakuja. Lakini mimi sikai, umesikia? Hata useme vipi. Nitasimama."

"Simama," Nyatichi alisema. "Simama pembeni."

Mama Dorine alikuwa ameshapanda, akipanga mizigo chini ya ubao ili mwanawe apate pa kunyoosha mguu. Alimpungia Nyatichi mkono mmoja bila kuinua uso. Mwenye mashua alihesabu vichwa, akarudia kwa kuwa havikutimia, akakuta mtoto mmoja amelala nyuma ya magunia. Kisha akavuta kamba ya injini mara tatu, ikashika. Nyatichi alingoja mpaka mashua ikageuka, akapanda kilima kutafuta gari la Homa Bay, kwa sababu kesho yake saa tatu kesi ya Japheth ilikuwa inatajwa Migori.